Ploti na maisha ya bonde la Sabaki: maswali tunayoulizwa kila wiki

Wengi wenu hupiga simu mkiwa Nairobi, Mombasa au ng'ambo. Mmetumiwa picha ya ploti yenye minazi na kipande cha mto kwa nyuma, na neno la kwanza huwa ni: "Bei ya mwisho ngapi?" Sisi ni madalali wa upande huu wa Malindi, kuanzia daraja la Sabaki hadi Mambrui, na mara moja moja tunapanda bonde hadi Jilore na Baricho. Maswali haya tumeyajibu kwa simu mpaka sauti zikakauka, basi yakae hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu tuliyapata kwa hasara.

Sabaki ni Malindi au ni Magarini?

Inategemea umevuka daraja au hujavuka. Kusini mwa mto uko Malindi, kaskazini umeingia Magarini, na kote huko ni Kaunti ya Kilifi. Ni vyema ulijue hilo mapema, maana chifu wako na bodi yako ya ardhi hufuata upande ulionunua. Tumeshawahi kuona mtu akipanga foleni asubuhi nzima kwenye ofisi isiyomhusu.

Mto wenyewe una majina matatu. Huko juu ni Athi, ukishaungana na Tsavo unaitwa Galana, na ukitufikia sisi ni Sabaki. Una kama kilomita 390, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Ndiyo maana hapa huwezi kuisikiliza mvua ya hapa tu. Siku mbingu zetu ni kavu kabisa, mto unaweza kuja umefura kwa mvua iliyonyesha Ukambani na Nairobi.

Mbona mnanipeleka mtoni kabla ya kuniambia bei?

Kwa sababu mimi ninayeandika hapa niliwahi kununua kabla ya kupelekwa. Ilikuwa robo ekari kule chini, udongo mweusi unaoshika mkononi kama unga wa chapati. Nilionyeshwa mwezi wa Februari, kiangazi, mto umelala upande wa pili kama mfereji wa shule. Muuzaji alikuwa na hati, wakili alikuwepo, kila karatasi ilikuwa halali. Ilipofika mvua za masika za 2018 Sabaki ikavunja kingo. Familia nyingi za Magarini na Malindi zilihama makwao zikalala kwenye mahema, na ploti yangu ikawa tumbo la mto. Maji yalipotoka, bikoni (mawe ya mpaka) mbili kati ya nne sikuziona tena. Siwezi kusema nilitapeliwa. Hakuna aliyenidanganya kwa sababu hakuna niliyemuuliza.

Siku hizi mteja akitaka ploti ya bondeni tunaanza kwenye nyumba ya jirani aliyekaa pale miaka mingi. Juzi nilimpeleka kijana mmoja kutoka Thika. Tulimkuta bibi anachambua mchicha chini ya mwembe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mwataka shamba?"

"Ndiyo bibi. Lakini kwanza twataka kujua, maji ya mwaka ule wa mafuriko yalifika wapi?"

Hakujibu kwa mdomo. Aliinuka, akaushika mwembe, akaweka kiganja kwenye alama ya panga iliyokuwa sawa na kifua chake. "Haya ndiyo ya juzi," akasema, akimaanisha 2018. Kisha akachukua fimbo akaigusisha tawi la kwanza, juu ya vichwa vyetu sote. "Ya El Nino hayo. Marehemu mume wangu alipanda akaweka alama, akasema iko siku mtu atauliza."

Kijana akaangalia mwembe, akaangalia ramani kwenye simu yake, akasema, "Kumbe hii si ploti, ni bwawa la samaki." Tulicheka sote, bibi zaidi yetu. Hakununua pale. Alinunua juu ya mteremko, hatua mia nne hivi kutoka kwa bibi, na kule chini akakodi kipande cha kulima tikiti. Huo ndio mpango ambao wenyeji wamekuwa nao tangu zamani: bonde la chini ni la jembe, nyumba hupanda juu.

Sheria inataka nijenge umbali gani kutoka mtoni?

Kanuni za maji na mazingira hutaja mita 6 hadi 30. Watu huishika hiyo namba wakasahau maneno yanayoifuata: hupimwa kutoka pale maji yalipowahi kufika juu kabisa, wala si kutoka ukingo unaouona leo ukiwa na soda mkononi. Ukipima kutoka ukingo wa kiangazi unaweza kujenga ndani ya mto bila kujua.

"Hamsini kwa mia" si ndiyo ekari moja ya nane?

Si hivyo, ingawa kila mtu husema hivyo. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari moja ya nane ni 5,445. Tofauti ni ndogo ukiitaja, lakini ni choo na tangi la maji ukija kujenga. Hati nyingi siku hizi haziandiki futi wala ekari, huandika hekta, kwa hiyo ukiona 0.045 ujue ni mita za mraba 450, hata hamsini kwa mia kamili haijatimia. Ekari ikikatwa vipande, njia ya kupita lazima itoke mahali. Uliza kabla ya kulipa kama njia imetolewa kwenye ramani au itatolewa kwenye kipande chako.

Nimefanya sachi, hati iko safi. Nilipe?

Bado. Sachi ya ofisi ya ardhi inakuambia jina la mwenye hati, ukubwa, na kama kuna mkopo wa benki au kizuizi. Hilo ni la lazima na usimwachie muuzaji akufanyie. Ardhi nyingi za ukanda wetu zina hati za zamani zenye namba zinazoanza na C.R., ambazo rejista yake ni ya Mombasa, kwa hiyo wakili wako awe mtu anayeijua njia hiyo. Angalia pia kama unachouziwa kina hati yake au bado ni kipande ndani ya hati mama, yaani hati ya shamba zima. Kipande kisichokatwa rasmi ni ahadi tu, na ahadi humfuata aliyeitoa kaburini.

Baada ya karatasi, nenda utembee mwenyewe. Chukua mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni zote, na usikubali "hapo kwenye kichaka". Halafu angalia vitu ambavyo hati haivijui.

Cha kwanza ni makaburi. Hapa watu huzikana nyumbani, chini ya mwembe au mkwaju, na kaburi lisilojengewa huonekana kama tuta tu la mchanga. Uliza kwa upole: "Kuna wazee wetu wamelala hapa?" Kama wapo, ama eneo lao litengwe kwenye makubaliano, ama mtafute ploti nyingine. Kwa Wagiriama unaweza hata kukuta kigango, ule mti uliochongwa kwa heshima ya marehemu mzee wa Gohu, chama cha wazee wao. Usikiguse. Vigango viliibwa vingi miaka iliyopita vikauzwa ng'ambo, vikafika hadi kwenye makumbusho ya Marekani, na baadhi tu vimerudishwa. Mgeni anayekipiga picha kwa karibu haeleweki vizuri.

Cha pili ni miti. Pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Minazi ile kumi unayoipenda kwenye picha huenda ni ya mzee anayekaa ng'ambo ya barabara, aliipanda baba yake, na kila mwezi mgema hupanda akamletea chake. Mikorosho na miembe vilevile. Yaandikwe kabla ya kulipa: miti gani inabaki, ya nani, na fidia ni ngapi. Mzee wa kijiji awepo. Ugomvi wa mnazi mmoja nimeuona ukikaa miaka sita.

Kuna watu wanaishi kwenye hiyo ardhi bila hati. Muuzaji anasema ni maskwota tu, watatoka.

Neno "tu" hapo ndilo la kuogopa.

Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukasimamiwa na Waingereza kuanzia 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi: kila mwenye madai alete madai yake, na ambacho hakikudaiwa kikawa cha serikali ya Mfalme. Waliokuwa na karatasi na watu wa kuwasemea wakapata hati. Wamijikenda waliokuwa wakilima na kuzikana humo wengi hawakupata. Hati zikaenda kwa watu, wajukuu wao wakahamia mbali, na wengine hawajawahi kuliona shamba. Waliobaki shambani ndio wanaoitwa maskwota.

Kaskazini mwa Sabaki kuna jambo jingine. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaamsha Wagiriama wakakataa kodi na kazi za kulazimishwa, Waingereza waliamuru Wagiriama wote wa ng'ambo hii ya mto wahame warudi kusini. Nyumba zilichomwa. Miaka michache baadaye watu wakaruhusiwa kurudi. Mekatilili amezikwa Bungale, huku huku Magarini. Kwa hiyo ukija na askari na karatasi ukasema "hameni", unasema neno ambalo lina historia yake hapa, na hata mtoto wa shule ataisimulia.

Kwa sheria ya leo, mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kukatizwa, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na iko hapa Malindi, akaomba atambuliwe kuwa mmiliki. Dhidi ya ardhi ya umma hilo halifanyi kazi, ila kwa ya mtu binafsi linafanya. Ukinunua kwa bei ya hasara ardhi yenye nyumba saba juu yake, umenunua kesi saba. Sisi hatuuzi ardhi ya namna hiyo mpaka wakaazi, mwenye hati na mzee wa kijiji wakae pamoja na kitu kiandikwe: nani anapata kipande, nani analipwa. Mara nyingi inawezekana. Tumeshuhudia mwenye hati akiwakatia wakaazi ekari mbili, zilizobaki akauza kwa amani na kwa bei nzuri zaidi.

"Nyumba bila ardhi" ni nini? Nimeona tangazo la bei rahisi sana Malindi mjini.

Ni vile ilivyotajwa. Unanunua kuta na paa. Kiwanja ni cha mtu mwingine na utamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Mitaa kadhaa ya zamani ya mjini imekua hivyo, na watu wamelea watoto na wajukuu ndani ya nyumba hizo bila tabu. Lakini benki haitakukopesha juu yake, na mwenye kiwanja akiuza, mwenye kiwanja mpya huenda hakujui. Kama unatafuta pa kukaa na fedha ni kidogo, si wazo baya. Kama unatafuta kitu cha kumwachia mtoto, tafuta kingine.

Muuzaji ni mtoto wa marehemu mwenye hati. Anasema ndugu zake wote wamekubali.

Wamekubali wapi? Ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mirathi ipite mahakamani, wasimamizi wateuliwe na mgao uthibitishwe. Kugusa mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa kisheria. Huku Mambrui na Malindi familia nyingi za Kiislamu hupeleka mirathi kwa Kadhi, ambapo kila mrithi ana fungu lake, mabinti pia, na binti aliyeolewa Lamu au Oman hakosi fungu lake kwa kuwa mbali. Huyo ndiye atakayetokea mwaka wa tatu baada ya wewe kujenga.

Uliza pia kama shamba ni wakfu, yaani limetolewa kwa ajili ya Mungu. Wakfu hauuzwi, hata anayeuza awe na sauti nzuri kiasi gani.

Bodi ya ardhi inanihusu?

Ikiwa ni ardhi ya kilimo, na nyingi za bondeni ndizo hizo, inakuhusu. Bodi hukaa kwa naibu kamishna wa kaunti, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Bila kibali mkataba ni bure, hata kama umeshalipa yote. Utabaki kudai pesa zako tu. Muuzaji aje na mwenzi wake wa ndoa. Wajumbe wa bodi wanajua kumgeukia mama na kumuuliza, "Na wewe mama, umekubali?" Tumeona mauzo yakifia hapo, na ni sawa.

Mbali na bei, nijiandae na gharama gani?

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya manispaa, asilimia 2 kwa ya mashambani. Kuna wakili, mpima, na ada za usajili. Faida ya muuzaji hutozwa asilimia 15 tangu Januari 2023, na hiyo ni yake, ingawa wengine hujaribu kuisukuma kwako kwenye bei. Kawaida hulipwa asilimia 10 mkiandikiana na salio mkikamilisha, mara nyingi ndani ya siku 90. Mapatano ya mdomo hayana nguvu kwa ardhi: lazima iandikwe, itiwe sahihi, ishuhudiwe. Tafadhali pesa zipite benki. Mtu anayetaka taslimu "kwa sababu ya uharaka" ana uharaka wa kwake.

Mimi si raia wa Kenya. Naweza kununua?

Katiba ya 2010 inakuruhusu kuwa na ardhi kwa kukodishiwa tu, isiyozidi miaka 99. Kampuni haihesabiwi kuwa ya raia mpaka hisa zake zote ziwe za raia, kwa hiyo ule ujanja wa "tuandikishe kampuni" haubadilishi kitu. Ardhi ya kilimo usiihangaikie. Malindi ina Waitaliano walioishi hapa miongo mingi na Kigiriama chao si kibaya. Wengi watakuambia hivihivi.

Kwenye picha bahari ni ya samawati, nilipofika ni rangi ya chai ya maziwa. Nimedanganywa?

Umedanganywa na msimu. Sabaki hubeba udongo mwingi mpaka baharini. Wakati wa kaskazi, kama Novemba hadi Machi, mkondo huusukuma udongo kusini, kuelekea fukwe za Malindi mjini. Kusi ikianza, takriban Aprili, huusukuma kaskazini, na Mambrui ndiyo hupata zamu. Kwa hiyo uliza picha ilipigwa mwezi gani.

Udongo huo huo umeongeza ufuo. Wazee wa Malindi wanakuonyesha pale maji yalipokuwa yakigonga walipokuwa watoto, leo pamekuwa mchanga na majani. Wapo wanaouza mchanga huo kama "ploti ya mbele". Usilipie ardhi ambayo haimo kwenye ramani ya hati. Na vile vilima vya mchanga kati ya mto na Mambrui, vizuri vya picha za harusi, vinatembea na upepo. Jirani yetu aliyejenga miguuni pa kilima anaanza kila siku kwa koleo.

Maji na stima vipi?

Stima ipo kando ya barabara kuu. Ukiingia ndani hesabu nguzo na hesabu pesa. Maji ndiyo hadithi. Visima vya Baricho, kwenye ukingo wa mto wetu huu, ndivyo vinavyonywesha Malindi, Kilifi na hadi Mombasa. Bomba kubwa hutoka kwetu, ila siku mabomba yakikauka sisi pia hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni kama watu wa mjini. Karibu na mlango wa mto kisima huleta maji ya chumvi, chai inakataa kukolea. Onja kisima cha jirani kabla hujachimba chako. Kila nyumba tunayopangisha tunataka iwe na tangi, na mpangaji asiyeuliza kuhusu tangi tunajua ni mgeni.

Nijenge kwa nini?

Mawe ya matumbawe ya kuchongwa, kama kila mtu. Mchanga usiwe wa ufuoni, chumvi hula nondo. Uchotaji wa mchanga wa mtoni unahitaji kibali, kwa hiyo mwenye lori akuonyeshe chake. Paa la makuti lina ubaridi ambao bati halitakupa kamwe, lakini hudumu miaka michache tu na likishika moto halisubiri. Mimi nimeezeka bati chumbani na makuti barazani, na nalala barazani.

Ni kweli kuna viboko?

Kweli kabisa, na mamba. Viboko hushinda majini na usiku hupanda kula mashambani, wana njia zao na hawazibadilishi kwa sababu umeweka ua. Ukiona njia iliyokanyagwa, pana, yenye mfereji katikati ya majani, usijenge juu yake na usiipite gizani. Asubuhi kwenye mlango wa mto kuna ndege wengi ajabu, heroe pia, na wageni huja na darubini. Hiyo ni furaha ya bure, haimo kwenye bei.

Majirani watanipokeaje?

Watakupokea kama utakavyoanza. Anza kwa mzee wa kijiji, kisha chifu, kisha nyumba tatu za jirani, kwa miguu. Salamu za huku ni ndefu: hujambo, nyumbani, watoto, kazi, mvua. Ukizikata ukaenda moja kwa moja kwenye shida yako utapata jibu fupi vilevile.

Msiba ndio kipimo kikubwa. Mtu akifa mtaani hutahitaji kuitwa. Peleka mchango hata mdogo, kaa kwenye mkeka, ukipewa kahawa chungu unywe. Kwa Waislamu maziko ni siku hiyo hiyo, ukichelewa umekosa. Matanga ya Wagiriama yanaweza kuwa siku kadhaa na ngoma. Jamaa mmoja kutoka bara alikaa hapa miaka miwili akiwa "yule wa geti jeusi". Akafiwa jirani, yeye akatoa gari kubeba maji na viti. Kesho yake akawa "baba fulani", na mbuzi wake hawakupotea tena.

Mambrui ni mji wa zamani, una msikiti na kaburi la mnara lililopambwa kwa sahani za Kichina, na wachimbaji wa mambo ya kale waliwahi kupata hapo sarafu ya China ya enzi ya Yongle. Mfungo sita Maulidi hujaza nyumba zote wageni. Vaa vya kusitiri ukiingia mjini, hasa Ijumaa. Pombe haikatazwi shambani kwako, na mangwe, vilabu vya pombe ya mnazi, zipo upande wa mashamba, lakini usitembee na chupa barabarani.

Nimesikia wazee huuawa huku kwa kuitwa wachawi.

Ni kweli, Kilifi imepata aibu hiyo, na mara nyingi ukifukua unakuta shamba chini ya neno "uchawi". Mzee anakataa kuuza, vijana wanataka pikipiki. Ndiyo maana sisi, mauzo yakiletwa na vijana huku mzee amekaa kimya pembeni, tunarudi siku nyingine kumsikia peke yake. Tumewahi kuacha biashara nzuri kwa ajili ya mzee aliyesema tu, "Wao wameamua." Hatujutii.

Nikodi kwanza au ninunue moja kwa moja?

Kodi mwaka mmoja. Upitishe kusi na kaskazi.

Nyinyi mnalipwa vipi?

Na muuzaji, mauzo yakikamilika, na kiasi huandikwa kwenye makubaliano nawe ukione. Pesa ya kuonyeshwa ploti hatuchukui. Tuktuk ya kwenda na kurudi utalipa mwenyewe.

Nije lini kuona?

Njoo Mei, mvua zikiwa zimeshapiga. Februari kila ploti ni nzuri. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu tuktuk huishia kwenye lami na mbele tunatembea. Bibi wa mwembe yupo asubuhi hadi saa nne, baada ya hapo huenda shamba.